Hati ya uwakilishi ya aina gani itasimama siku kumbukumbu itakaponiacha?

Swali: Mimi ni mjane wa miaka 63. Nina akaunti mbili za benki, hisa kidogo, nyumba ninayoishi na nyingine ninayopangisha, na pensheni. Daktari ameniambia kumbukumbu yangu imeanza kupungua, ingawa bado najiendeshea mambo yangu. Binti yangu mkubwa ndiye anayenisaidia. Mwanangu wa kiume anaishi nje ya nchi. Mtu mmoja amenishauri nisaini hati ya uwakilishi ya jumla, yaani karatasi ya kumpa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yangu. Mwingine anasema niweke sharti kwamba hati ianze kutumika nitakapougua tu. Benki nayo imenipa fomu yake. Nichague ipi? Au ni rahisi zaidi nimwongeze binti yangu kwenye akaunti, yaishe?

Jibu: Shikamoo mama, na pole kwa taarifa uliyopewa na daktari. Umeuliza mapema, na kwa sababu hiyo bado una njia ambazo wengi wanaoniandikia huwa zimeshawafungia.

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Andikisha hati ya kudumu, yaani ile inayoendelea kuwa na nguvu hata uwezo wako wa kuamua ukipotea. Ianze kufanya kazi siku ya kusainiwa, isisubiri ugonjwa. Iyataje madaraka unayoyatoa moja moja badala ya kusema tu "mambo yangu yote". Binti yako awe mwakilishi, na mwanao wa kiume awe mbadala wake na mkaguzi wa hesabu zake. Fomu ya benki ijaze, lakini kama nyongeza tu. Na kwenye akaunti usimwongeze mtu kwanza.

Wengi wanaotaka hati ya uwakilishi huuliza upana wake: ya jumla au ya jambo moja? Mimi huuliza kwanza itatumika lini. Mtu anayesafiri miezi sita na anataka nyumba yake iuzwe akiwa mbali, hati maalumu inamtosha. Itaitaja nyumba ile, bei ya chini anayoikubali na tarehe ya mwisho, basi. Akili zake zi timamu, na mwakilishi akivuka mpaka atamvua mamlaka siku hiyohiyo. Hali yako ni nyingine. Unatafuta karatasi itakayofanya kazi siku ambayo hutaweza kumuuliza binti yako amefanya nini, wala kumkataza. Hati ya jumla ya kawaida, hiyo uliyoshauriwa kuisaini, hufa siku ileile unapoihitaji.

Sababu yake ni ya zamani. Mwakilishi hana uwezo wake mwenyewe juu ya mali yako. Anatumia wa kwako. Wako ukikoma, na wake umekoma. Mwaka 1879, katika shauri la Drew dhidi ya Nunn huko Uingereza, mume alikuwa amempa mkewe mamlaka ya kununua bidhaa kwa jina lake, kisha akarukwa na akili. Mahakama ya Rufaa ilisema mamlaka ya mke yalikoma, ingawa mume alibaki na deni kwa mfanyabiashara ambaye hakuarifiwa. Mwaka 1910, katika shauri la Yonge dhidi ya Toynbee, mawakili walioendelea kumtetea mteja wao bila kujua kwamba ameshapoteza akili waliamriwa kulipa gharama za upande wa pili kutoka mifukoni mwao. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ilikuwa kiolezo cha sheria za makoloni kadhaa ya Uingereza, inaeleza jambo hilohilo katika kifungu cha 201: uwakilishi hukoma mmoja wa wahusika akifariki au akipoteza akili. Ndiyo maana kanuni hii bado iko hai katika nchi nyingi, na ndiyo maana benki ikisikia kwamba mwenye akaunti hajitambui, huiweka pembeni hati ya kawaida aliyoshika mwanawe.

Hati ya kudumu ilibuniwa kuziba pengo hilo. Jimbo la Virginia nchini Marekani liliiruhusu mwaka 1954, la kwanza nchini humo. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1985, kisha tangu Oktoba 2007 ikaleta hati mpya chini ya Sheria ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005, ambayo haitumiki mpaka isajiliwe katika ofisi ya serikali inayosimamia mambo hayo. Jimbo la Ontario, Kanada, lina sheria ya mwaka 1992; Japani ilipitisha ya kwake mwaka 1999. Wamarekani wamekwenda mbali zaidi: sheria ya mfano waliyoiandaa mwaka 2006, ambayo majimbo mengi yameipokea, inasema hati ni ya kudumu isipokuwa mwenyewe aandike kwamba si ya kudumu. Kwingine ni kinyume: bila maneno mahususi, hati inahesabiwa kuwa ya kawaida.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mwanasheria liwe hili: je, sheria inayonihusu inaruhusu uwakilishi kuendelea baada ya mimi kupoteza uwezo wa kuamua, na inataka maneno gani, fomu gani, mashahidi wangapi na usajili wapi? Muombe akuonyeshe kifungu chenyewe. Kama sheria hairuhusu, kuandika "hati hii itaendelea hata nikiugua" hakusaidii kitu. Mtu hawezi kujitungia sheria kwenye karatasi yake. Hapo njia iliyobaki kwa kawaida ni amana: unahamisha nyumba ya kupangisha na hisa kwa wadhamini ungali mzima, kwa masharti unayoyaandika wewe, nao wanaendelea kuzisimamia kwa faida yako hata ukiugua, kwa kuwa mamlaka yao yanatokana na amana na si uwakilishi. Ni ghali zaidi na ina kodi na taratibu zake. Lakini usipofanya lolote, familia italazimika kwenda mahakamani kuomba msimamizi wa mali ya mgonjwa, na huyo atachaguliwa na hakimu asiyewajua wanao.

Tuje kwenye ushauri wa pili uliopewa, wa hati inayosubiri ugonjwa. Naelewa kwa nini unavutia. Unajiambia: sasa hivi sihitaji mtu aguse fedha zangu, aanze nitakaposhindwa. Mwenye hekima yoyote angefikiri hivyo. Shida inatokea kaunta ya benki.

Chukulia miaka minne imepita. Binti yako amekwenda benki na hati inayosema itaanza kutumika "nitakapokuwa sina uwezo wa kusimamia mambo yangu ya fedha". Ameshika na barua ya daktari inayosema mgonjwa ana "upungufu wa kumbukumbu wa kiwango cha kati". Ofisa anasoma barua, anasoma hati, anarudia barua. Kiwango cha kati ni sawa na kutokuwa na uwezo? Yeye si daktari. Anawapelekea wanasheria wa benki. Wanasheria wanataka daktari aandike maneno yaleyale ya kwenye hati. Daktari anasita, kwa sababu kuna siku unamjibu vizuri kabisa, na pia anauliza binti amepata wapi ruhusa ya kuona faili lako. Ruhusa hiyo ungeitoa wewe, nawe huwezi tena. Wakati huo bili za matibabu zinaendelea kuja na paa la nyumba ya wapangaji linavuja.

Kiharusi au ajali huwa na tarehe. Kupungua kwa kumbukumbu hakuna: leo umesahau kulipa bili ya umeme, baada ya miezi miwili umeilipa mara mbili, mwezi unaofuata uko sawa. Sharti la "nitakapougua" linamtaka mtu achore mstari mahali ambapo hakuna mstari. Jimbo la Florida liliona vurugu za hati hizi na tangu Oktoba 2011 halikubali tena mpya za namna hiyo. Uingereza inampa mtoa hati uchaguzi: itumike mara tu ikishasajiliwa, kwa ridhaa yake, au isubiri mpaka uwezo upotee. Kwa mtu mwenye hali kama yako mimi hushauri la kwanza kila mara.

Kama moyo wako bado unakataa, basi sharti liandikwe vizuri. Mtaje daktari kwa cheo chake, mmoja, si wawili wanaoweza kutofautiana. Andika ni maneno gani hasa yatakayotosha kwenye barua yake, na utoe ndani ya hati yenyewe ruhusa ya mwakilishi kupewa taarifa zako za afya kwa ajili ya uthibitisho huo. Njia nyepesi zaidi ni kuandika hati inayoanza leo, kisha nakala halisi ikae kwa mwanasheria au mtu mwingine unayemwamini, asiyeitoa mpaka kwa maelekezo yako au hali ikibadilika waziwazi. Kisheria mamlaka yapo tayari, lakini mkononi mwa binti bado hayajafika. Nisikufiche: kizuizi hiki kina nguvu sawa na uaminifu wa anayeishika hiyo nakala, basi.

Na kama hofu yako ni kwamba binti ataanza kutumia madaraka ungali mzima, sharti la ugonjwa halitakuponya. Mtu usiyemwamini ukiwa macho, huwezi kumkabidhi ukiwa hujitambui.

Sasa maneno ya ndani. Watu hudhani hati ya jumla inayosema "afanye lolote ambalo ningelifanya mimi" ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kwa kweli mahakama zimezoea kuzisoma hati hizi kwa kubana, na benki hubana zaidi ya mahakama. Ofisa wa mikopo anatafuta neno "kukopa". Msajili wa ardhi anatafuta neno "kuuza" au "kuhamisha", pamoja na namba ya hati ya nyumba. Kampuni ya bima inatafuta jina la bima. Wasipoliona, wanakurudisha. Kwa hiyo kwa upande wako ningetaka kuona haya kwa maandishi: kuweka na kutoa fedha katika akaunti zako, zikitajwa, kupokea kodi ya nyumba, kuandikiana mikataba na wapangaji na kuwaondoa, kulipia matengenezo, kuuza hisa na kupokea gawio, kulipa kodi za serikali na kujaza ritani, kulipia matunzo yako, kudai na kudaiwa mahakamani. Kwa nyumba unayoishi, mimi ningeandika kwamba isiuzwe wala isiwekwe rehani, isipokuwa pale fedha zinahitajika kwa matunzo yako na mapato mengine hayatoshi. Hapo umetoa nafasi ya kuokoa maisha yako bila kumpa mtu ruhusa ya kukuhamisha kwa sababu zake.

Kuna madaraka ambayo sheria nyingi zinayaogopa, na kwa haki. Kugawa zawadi kutoka kwenye mali yako, kubadilisha jina la mnufaika wa bima au pensheni, kuanzisha au kubadili amana, kubadili nani atabaki na akaunti ukifa. Sheria ya mfano ya Marekani inasema haya hayamo kwenye maneno ya jumla. Lazima yaandikwe waziwazi. Uingereza inamruhusu mwakilishi kutoa zawadi za kiasi tu, kama za siku ya kuzaliwa na harusi kwa ndugu na jamaa, au kwa mashirika ya hisani uliyozoea kuyachangia. Mwanasheria akikuuliza kama unataka kuyatoa, usijibu haraka. Zawadi ndogo za kawaida kwa wajukuu, sawa, weka na kiwango cha mwaka. Mengine yaache nje. Fedha za wagonjwa huibwa zaidi kwa mlango huu kuliko kwa wizi wa wazi: kila mara kuna mtu anayesema "mama mwenyewe alitaka nipewe".

Pensheni iulizie peke yake. Taasisi nyingi za mafao zina utaratibu wao na hazifuati hati yako hata iwe nzuri vipi. Mamlaka ya hifadhi ya jamii ya Marekani, kwa mfano, haitambui hati ya uwakilishi kwa ajili ya mafao yake. Inateua yenyewe mtu wa kumpokelea mgonjwa. Nenda ofisi inayokulipa, uulize wanataka nini, ukajaze fomu zao ungali na kauli.

Fomu ya benki nayo ni ya namna hiyo. Inawarahisishia wao, inahusu akaunti zilizo kwao tu, na mara nyingi haisemi lolote kuhusu kupoteza uwezo, maana yake inarudi kwenye kanuni ya 1879. Isome mstari kwa mstari kabla ya kusaini, hasa kama utaisaini baada ya hati kuu. Baadhi ya fomu hubeba sentensi inayofuta hati zote zilizotangulia. Ukiikuta, ikatwe, au iandikwe kwamba hati yako ya kudumu inabaki.

Kuhusu kumwongeza binti kwenye akaunti: najua ni jambo la dakika ishirini na halina mwanasheria. Lakini uwakilishi na umiliki ni vitu viwili. Mwakilishi anashika fedha zako kwa ajili yako na unaweza kumdai hesabu. Mwenye akaunti mwenzako, machoni pa benki, anatoa fedha kama zake. Akidaiwa au akiachana na mumewe, akaunti inaweza kuburutwa kwenye mgogoro ambao si wako. Na ukifariki, katika mifumo mingi fedha zilizobaki huenda kwa aliyebaki kwenye akaunti, hata kama wosia wako unasema zigawanywe kwa watoto wote. Nimeona ndugu wakiacha kusalimiana kwa sababu ya akaunti ya pamoja iliyofunguliwa kwa nia njema kabisa. Kama unataka msaada wa matumizi ya kila siku, fungua akaunti ndogo ya pamoja yenye fedha za mwezi mmoja au miwili, na nyingine ziache kwa jina lako chini ya hati.

Mtu akikuletea hati iliyoandikwa "isiyofutika", usiisaini. Hizo ni za wakopeshaji na wanunuzi, wanaotaka kulinda masilahi yao katika mali fulani. Mipango ya familia haizihitaji.

Kwa nini binti peke yake, na si wote wawili? Ukiwateua waamue kwa pamoja, kila hundi itahitaji saini mbili, moja ikiwa nje ya nchi, na mmoja wao akifariki au akijitoa, uteuzi wote unaweza kuanguka. Ukiwateua kila mmoja awe na uwezo wa kutenda peke yake, kazi zinakwenda, lakini wakikosana kila mmoja ataiagiza benki lake, na benki hufunga akaunti mpaka wapatane. Ndiyo maana nimesema binti atende na kaka yake awe mbadala. Uandike pia kwamba kila miezi mitatu binti ampelekee kaka yake taarifa za benki na maelezo ya matumizi. Hilo si tusi kwake. Litamlinda siku ndugu mwingine atakapouliza zilikwenda wapi. Awe na akaunti yake tofauti na yako, asichanganye hata shilingi moja, na risiti zihifadhiwe.

Kuhusu daktari na saini. Kupungua kwa kumbukumbu hakukunyimi haki ya kusaini hati hii leo. Sheria haiulizi kama unakumbuka kila kitu. Inauliza kama unaelewa jambo hili unalolisaini, sasa hivi. Mwaka 1988, katika mashauri ya Re K na Re F, mahakama ya Uingereza ilikubali hata hati za watu ambao hawakuweza tena kusimamia mali zao wenyewe, maadamu walielewa wanachokitoa: kwamba mwakilishi ataweza kushika mambo yao yote, kwamba ataweza kuifanyia mali chochote ambacho wao wangeweza kuifanyia, kwamba mamlaka hayo yataendelea wakipoteza uwezo, na kwamba wakati huo hawataweza kuyafuta bila mahakama. Hati ya kudumu ukiwa bado na akili zako unaifuta wakati wowote kwa maandishi.

Ila usisubiri. Muombe daktari barua ya wiki hiyohiyo ya kusaini inayosema ameongea nawe na umeuelewa uamuzi huu. Kwa mwanasheria ingia peke yako. Binti abaki nje, hata kama ndiye aliyekuleta. Mwanasheria akuulize maswali, na aandike majibu yako kwa maneno yako. Mtu akija kuipinga hati baada ya miaka mitano, karatasi hizo mbili ndizo zitakazoulizwa kwanza.

Hati hii haigusi maamuzi ya matibabu. Hayo yana hati yake, na ni vizuri uandike zote siku moja. Tena inakoma dakika utakapofariki. Kuanzia hapo ni wosia na msimamizi wa mirathi, kwa hiyo kama wosia wako ni wa enzi za marehemu mumeo, upelekwe nao.

Hati ikishasajiliwa, usiifungie kabatini. Iwasilishe benki zote mbili na kwa dalali wa hisa, upate barua ya kupokelewa kutoka kila mmoja. Kisha mwambie binti afanye muamala mmoja mdogo kwa kutumia hati, wewe ukiwa umekaa pembeni yake: alipe bili moja, au ahamishe kiasi kidogo kati ya akaunti zako. Wakikataa, watasema kwa nini: saini hailingani, wanataka nakala iliyothibitishwa, neno fulani halimo. Utarudi kwa mwanasheria wiki hiyohiyo, urekebishe, usaini upya.